Mitandao Mitatu na Mkono wa Sweta

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Maziwa yamefurika jikoni, na si kosa langu. Mjukuu aliniletea habari nikiwa nimeshika kifuniko.

Habari yenyewe: Ijumaa asubuhi ana usaili. Kazi ya kujibu wateja wa kampuni ya mbali, akiwa hapahapa nyumbani, na kompyuta yake, na kikombe chake, na mimi. Usaili ni wa video. Wakubwa watatu watamtazama usoni saa nzima. Wameandika wazi kwamba mtu ambaye mtandao wake unakatikakatika asijisumbue, maana mteja hangoji.

Akiikosa hii, ipo nyingine. Ya ofisini, mji wa baridi kule juu. Basi la Jumapili asubuhi. Kurudi ni mwisho wa mwaka, wakimruhusu.

Nikampa hongera. Nikafuta maziwa. Nikafuta tena pale palipokwisha takata.

Huyu nimemlea tangu mama yake, binti yangu, alipofariki. Alikuwa hawezi kujifuta kamasi. Leo ndiye anayeniambia chumvi imezidi. Akienda, nitamzidishia nani?

Tatizo: intaneti ya nyumba hii ni simu yangu, yenye laini ya ule mtandao wa picha ya ndege. Ndege gani sijui. Kuku, nadhani, maana haruki. Juzi Mjukuu alipiga video kwa rafiki yake, uso ukaganda mdomo wazi kama samaki kwenye barafu.

Akasema, taratibu, kama mtu anayemsogelea ng'ombe mkali, kwamba tungemwomba Bi Mdogo.

Sitaandika nilichomjibu. Kitabu hiki cha tarehe ni zawadi yake, atakuja kukisoma nikifa. Shule sikwenda hata kwa kupita. Herufi nimeziokota kwenye madaftari ya watoto nikichambua mboga, basi sitazichafua.

Bi Mdogo ni mke mwenzangu. Marehemu alituacha wajane wawili na ua mmoja, tukaujengea ukuta katikati. Mimi Bi Mkubwa upande huu, yeye upande ule. Mwaka huu mwanawe amemvutia waya wa faiba kutoka kwenye nguzo. Mafundi walichimba mtaro mbele ya mlango WANGU kwenda KWAKE. Nimeruka mtaro siku zote zile, na magoti haya, kwa ajili ya intaneti ya mwenzangu. Nikawauliza watu wa faiba na mimi je? Wakasema kisanduku cha nguzoni kimejaa, nisubiri. Bado nasubiri.

Na redio. Marehemu alipozikwa, redio ilikwenda kwake. Redio aliyoisikiliza kwangu, kwa betri zangu, ikiwa imefunikwa kitambaa nilichofuma mimi. Kitambaa nacho kikaenda.

Nimwombe huyo? Heri nimeze waya.

Azimio: kabla ya Ijumaa nyumba hii itakuwa na intaneti yake, yenye mbio kuliko ya ng'ambo ya ukuta.

Mjukuu ameomba pia sweta, kwa tahadhari. Mji ule una baridi. Nimeanza kulifuma. Nimeanza polepole sana.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo shindano la mitandao.

Mjukuu anayo programu yake ya kupimia. Unabonyeza, mshale unaruka, namba zinatoka, anasema mega kadhaa kwa sekunde. Nikamwambia abonyeze tena. Zikatoka namba nyingine. Tena, nyingine. Shahidi anayebadili maneno kila akiulizwa, mimi simpeleki barazani.

Nina kipimo changu. Ile video ya harusi ya mpwa wangu. Nabonyeza, nashika sindano, naanza mstari wa sweta. Kiduara kinazunguka kama mbuzi wa kigingini, mimi nafuma. Bibi harusi akiingia mlangoni, naacha. Kilichofumwa ndiyo kasi. Sufu haisemi uongo.

Mahali: dirisha la jikoni, linalotazamana na ukuta wa Bi Mdogo. Ndipo simu hupumua vizuri.

Washindani watatu. Ndege: simu yangu. Ngoma, mtandao wenye picha ya ngoma: simu ya Muuguzi, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Amenipa ametoka zamu, jicho moja limeshalala, akaomba nisijibu akipigiwa na wodi. Nyota: simu ya Fundi Cherehani. Huyu kapanga baraza la Bi Mdogo na cherehani yake, lakini simhesabii ubaya. Mtu hukaa penye kivuli.

Ndege kwanza. Nimefuma pindo zima la mkono wa kushoto. Nimepika uji, nimeunywa, nimerudi, mbuzi bado anazunguka. Bibi harusi alipoingia nilikuwa nimeshamsahau ni nani.

Ngoma ikafuata. Afadhali. Mistari michache tu. Lakini katikati wodi ikapiga, nikajibu kwa adabu kwamba Muuguzi amelala na wagonjwa nao walale. Video ikakatika. Muuguzi ameamka, hasemi na mimi.

Nyota. Nimebonyeza, nimeinua sindano, na bibi harusi huyo, kaingia, kaketi, anakula. Sikuwahi hata mshono mmoja. Nikadhani nimekosea. Nikarudia, ikawa vilevile. Mpwa wangu aling'aa mpaka nikaona kovu la tetekuwanga kwenye shavu la mkwe, ambalo walituficha.

Nilipomrudishia Fundi simu nikamwambia kumbe ana akili kuliko suruali anazoshona. Akajikuna kichwa. Akasema ajabu, kwake nyumbani simu hiyohiyo huzubaa, mbio inazipata ikiwa mtaa huu tu. Nikamwambia amepanga bondeni, nyota huonekana mahali pa juu. Akasema labda.

Mjukuu ameuliza kama nimehakikisha simu ya Fundi ilikuwa inatumia Nyota kweli. Nikamuuliza nani mkubwa humu ndani.

Sweta limepata robo ya mkono wa kushoto. Ni kwa ajili ya Ndege tu. Mtandao mbovu ndio unaomvisha mtoto nguo za safari. Nimeona dalili hiyo, nikaiweka kando.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda kwa Dada wa Mwavuli. Anauza laini na ruta pale kona, chini ya mwavuli uliotoboka. Mwanamke mkavu, hacheki ovyo. Nampenda, ila simwambii.

Nikamwambia nataka ruta ya Nyota, ya nyumbani, leo.

Akaniuliza nataka kifurushi cha ujazo au cha kasi. Nikamwambia aseme kama anaongea na mtu. Akasema cha ujazo ni tangi la maji: unanunua tangi, ukilimaliza ukalale na kiu. Cha kasi ni bomba: maji hayaishi mwezi mzima, ila unachagua unene wa bomba. Nikamuuliza bomba nene likija kwenye nyumba isiyo na maji ni kitu gani. Akasema filimbi. Akasema ndiyo maana yeye humpa mteja ruta ya kujaribia kwanza, aende nayo nyumbani, aipime asubuhi na aipime jioni watu wote wakiwa mtandaoni, kabla ya kufungua mpya. Maana Nyota inawaka huku barabarani, lakini nyuma ya lile ghala la bati, yaani kwangu, yeye haiapii. Na mpya ikishafunguliwa hairudi.

Nikamwambia nimekwisha pima.

Akauliza kwa programu gani.

Nikamwambia kwa sindano.

Akanitazama. Akaifunga kwenye mfuko bila neno. Mtu akinyamaza hivyo, ama amekuheshimu ama amekuhurumia. Nimechukua la kwanza.

Akiba yote ya masweta niliyouza msimu huu imekwenda hapo. Si neno. Masweta yatafumwa mengine, mjukuu hafumwi.

Mchana: tumeiwasha. Ina taa ndogo. Kijani ni njema, ya chungwa ni hivihivi, nyekundu ni msiba. Yetu ikawa ya chungwa. Nikabonyeza harusi. Nikafuma. Nikafuma. Nikavuka kiwiko.

Nimeihamisha juu ya kabati. Chungwa. Juu ya banda la kuku. Nyekundu, na kuku wamegoma kuingia. Muuguzi, kwa ukali, kwa sababu ya mambo ya wodi, akasema bati huwa linarudisha mawimbi. Nimeiweka ndani ya sufuria kubwa, mdomo ukielekea dirishani. Ikawa ya chungwa, yenye joto.

Jioni watu wamerudi kutoka kazini, kila mtu kafungua simu yake. Nyekundu tupu.

Mjukuu aliitazama taa. Alikuja na kompyuta, akajaribu, uso wake ukaganda, akaifunga. Kisha akaanza kupanga nguo zake juu ya kitanda. Anasema anazipanga tu, si kwamba anafungasha.

Nimejua sauti ya mtu anayefungasha tangu kabla mama yake hajazaliwa.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeamkia kwenye mwavuli. Nikamwambia Dada ameniuzia jongoo. Akafunga biashara, akaja nami hadi jikoni. Akaitazama ruta ndani ya sufuria kwa muda mrefu. Akaitoa.

Akapima kwa simu yake, laini ya Nyota. Hafifu. Akasema ndivyo alivyonionya, ghala lile linakula mawimbi. Nikamwambia sasa Fundi je? Simu yake imepitia wapi, kwenye tundu la panya?

Tukamwita Fundi na simu yake. Dada akaishika, akaigusa mara moja, akanigeuzia nione. Juu kabisa ya kioo kulikuwa na kialama kidogo kama kipepeo cha kupepea moto. Akasema simu hii haiko Nyota hata kidogo, Bibi. Imeshika intaneti ya nyumba. Akasoma jina lake kwa sauti: NYUMBANI KWA BI MDOGO.

Fundi akajikuna kichwa mpaka nikaogopa ubongo utatoka. Akasema loo, kweli, siku ya kwanza alipopanga baraza Bi Mdogo alimpa neno la siri, simu ikaikariri, tangu hapo inajiunga yenyewe ikikaribia. Hakujua kama inafika mpaka dirishani kwangu.

Kwa hiyo. Juzi kutwa nzima nimeusifia mtandao wa mke mwenzangu. Kwa sauti. Dirisha likiwa wazi.

Na ng'ambo ya ukuta kikasikika kicheko. Kile chake, kinachoanzia puani. Akasema Bi Mkubwa, kama ulitaka kuonja intaneti yangu ungeleta bakuli nikupakulie.

Nikafunga dirisha. Dirisha halifungiki vizuri, likabaki na mwanya. Akaendelea kucheka kupitia mwanya.

Mjukuu akaja akanishika bega. Akasema basi, Bibi, ameshafurahi, sasa niende nikamwombe, ni kesho. Nikaapa. Nimeapa kwa kaburi la marehemu kwamba mguu wa nyumba hii hautavuka kwenda kuomba. Mjukuu akasema marehemu alikuwa mume wa wote wawili, sijui kaburi litamsikiliza nani. Ana mdomo. Kaupata kwangu.

Kisha akatoka uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwangu. Mabega yalitulia mno. Alipokuwa mdogo alikuwa akilia kwa kelele, nikimpa karanga kilio kinaisha. Sijui mtu mzima anapewa nini.

Nimefuma. Mkono wa kushoto umekwisha. Nimeanza wa kulia. Sikuupimia kitu chochote, mikono ilihitaji kazi tu.

Jioni wazo limenijia nikiwa nakuna chungu. Nimeapa kutoomba intaneti. Sikuapa kutoazima SIMU. Simu ni ya Fundi. Fundi ni mwanamume huru. Simu yake ikijishikia kitu chenyewe dirishani, mimi nimeingiaje?

Nimemwendea Fundi, nikamwambia kesho asubuhi anipe simu, nami nitamfumia mwanawe kofia. Amekubali, ingawa alisema kesho kuna mpira mapema na yeye huutazama humo akishona. Nikamwambia mpira ni watu wazima wanaokimbizana, hautakwisha.

Mjukuu anasema huu ni wizi uliovaa kanzu. Nimemwambia alale.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo mambo ni mengi. Nitaandika hivyohivyo.

Asubuhi Mjukuu alivaa ile blauzi ya bluu. Chini alivaa kanga na ndala, maana wakubwa hawaoni chini. Simu ya Fundi tukaiegemeza dirishani kwenye kopo la majani ya chai. Kompyuta yake ikawa pembeni, imeshikishwa kwenye ruta yangu ya Nyota, kwa heshima tu, nisije nikasema tumeitupa. Ruta ikawaka chungwa.

Mimi nikapewa kigoda kwenye kona. Nisikohoe, nisiimbe, nisimjibie. Nikashika sindano.

Wakubwa wakatokea. Watatu, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Mmoja ana ndevu, mmoja ana miwani, mmoja mwanamke mwenye uso mgumu kama udongo wa kushindilia. Waling'aa. Waliuliza, akajibu. Mteja akikutukana utafanyaje? Akasema atamsikiliza mpaka achoke, ndivyo alivyolelewa. Miwani akacheka. Mimi nikaruka mshono.

Ikaenda vizuri. Ikaenda vizuri mno. Mwanamke wa kushindilia akasema sasa atamletea mteja wa majaribio, mwenye hasira, na huu ndio usaili wenyewe. Mteja akaingia, akaanza kufoka, mzigo wake haujafika.

Kisha akaganda. Mdomo wazi.

Wote wakaganda. Ndevu akiwa ameinua kidole. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Mjukuu hakupiga kelele. Alinitazama tu. Jicho lile nimeliona mara moja kabla, siku ya maziko ya mama yake, aliponiuliza sasa nani atanisuka.

Sijui sindano ziliangukia wapi. Nilichojua ni kwamba niko nje, nimepavuka pale walipochimba mtaro, magoti hayakuuliza kitu, na mguu wa nyumba hii uko ndani ya sebule ya Bi Mdogo. Kaburi lisamehe.

Nikamkuta Fundi. Ameinama juu ya meza, anapiga pasi koti la mteja. Na waya wa pasi ameuchomeka ukutani, kwenye tundu la umeme la ruta. Ruta yenyewe imezimika, waya wake umening'inia kama mkia wa panya aliyekufa. Akasema kwa upole kwamba angekuwa na simu yake angekuwa barazani anatazama mpira, sasa hana la kufanya, akaona apunguze kazi.

Sikumuua. Naandika hapa nisisahau kwamba nilijizuia.

Na Bi Mdogo akatokea uani, mbio, kanga anaifungia njiani. Akamvamia Fundi kabla yangu. Akamwambia mwanaharamu wewe, tangu alfajiri nimekaa na tundu hili kama mlinzi wa benki, nimekwenda msalani tu! Akaing'oa pasi. Akachomeka ruta.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema ukuta huu ni wa matofali, Bi Mkubwa, si wa milima, na wewe ukinong'ona ng'ombe wanaamka.

Tukasimama mbele ya ruta, wajane wawili. Nyekundu. Akasema inachukua muda kuamka. Nyekundu. Nikasema iharakishe basi. Akasema unataka niipige mgongoni? Ya chungwa. Akaushika mkono wangu, au mimi niliushika wake, sikumbuki na haina maana. Alikuwa na kucha ndefu. Ya chungwa. Ya chungwa.

Ruta yake ameiweka juu ya redio. Redio ileile. Na chini ya ruta kitambaa changu, kimefuliwa, kimenyooshwa. Nikasema kumbe unakitunza. Akasema redio ilikufa siku nyingi, haisemi, anaiweka kwa sababu ya kitambaa. Nilitaka kusema kitu. Kisha nikaona amekifulia sabuni kali, pembe moja imepauka. Nikarudisha macho kwenye taa.

Kijani.

Nikarudi mbio. Mlangoni kwangu nikasikia sauti ya Mjukuu, imetulia, inasema naelewa, bwana, mzigo ni wa mama yako na amesubiri, mimi pia ningekasirika. Nikadhani ameingiwa na wazimu anasema peke yake. Kumbe amegeukia kompyuta. Video amezima, picha hakuna, sauti tu, anapitia kwenye ruta yangu. Nyota! Taa ya chungwa, inatweta, lakini imembeba mtoto. Simu ilipofufuka dirishani akarudi huko na uso wake, kama mtu aliyebadilisha kiti.

Mwanamke wa kushindilia akamuuliza kilichotokea ni nini. Mjukuu akasema ukweli: laini ya kwanza imezimwa na mtu anayepiga pasi, nikahamia ya pili. Ndevu akaandika kitu. Wakasema watapiga simu.

Walisema hivyo tu. Watapiga simu. Nimekaa na maneno hayo jioni nzima, siyaelewi yameelekea wapi.

Nguo bado ziko juu ya kitanda. Tiketi ya basi iko juu ya nguo.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Simu haikulia asubuhi. Nimepika, hakuna aliyekula. Nimeosha vyombo safi. Muuguzi amenisamehe, akaniambia nikae, presha itapanda. Nikamwambia presha yangu inajua nafasi yake.

Mkono wa kulia wa sweta umekwisha. Nimepima: ni mrefu kuliko wa kushoto kwa kiganja kizima. Mjukuu akaujaribu, vidole havionekani. Akasema huko kwenye baridi utafaa, ni kama glavu. Tukacheka vibaya, kila mmoja akitazama upande wake.

Alasiri ikalia. Akaichukua akaenda nayo uani. Namwona kupitia mwanya wa dirisha. Anasema ndiyo. Anasema ndiyo. Anasema asante sana. Kisha akachuchumaa chini, akafunika uso.

Nikajua amekosa. Nikatoka na karanga. Ndizo zilizokuwa karibu.

Amepata.

Amepata kazi, na mimi mjinga nimesimama na karanga zangu. Anasema wasailiwa wawili wengine mitandao yao ilikatika wakapotea kabisa. Yeye peke yake alirudi. Wamempa kwa sharti moja: siku zote awe na laini mbili, ya waya kwa kazi na ya akiba ikikatika.

Nikasema nilijua. Tangu nilipoinunua ile Nyota nilijua. Ndiyo maana niliinunua. Mjukuu akanibusu kipaji cha uso, akasema ndiyo Bibi.

Bi Mdogo naye kaja, kwa mlango wa mbele, kama mgeni. Kasikia, bila shaka, ana masikio ya popo. Amemkumbatia Mjukuu akamwita mtoto wetu. WETU. Akatoa karatasi yenye neno lake la siri. Akaniambia Bi Mkubwa, bakuli lako hili, sasa usilimwage. Nimempa chai. Sikumpa asante, nimempa sukari ya kutosha, aelewe mwenyewe.

Mjukuu amezunguka na ile karatasi nyumba nzima. Akaingiza kwenye kompyuta yake, kwenye simu ya Muuguzi. Simu yangu nayo aliishika kidogo, akanirudishia. Sikuuliza. Nilikuwa narudisha nguo zake kabatini.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Basi limeondoka. Nililisikia likipiga honi kule barabarani nikiwa nakoroga uji. Mjukuu ameonja. Amesema chumvi imezidi.

Moyo wangu mweupe. Lakini kichwa kimekaa na jambo.

Kwamba kazi ya mtoto WANGU inapitia kwenye tundu la umeme la Bi Mdogo. Leo tumeelewana. Kesho tukigombana kwa ajili ya kuku? Atachomoa. Na leo asubuhi amekwisha piga ukuta kuuliza kama intaneti yake imeamka salama kwangu. Imeamka salama. Kama vile ni mtoto amenilelea. Siwezi kuishi hivi.

Lazima tupate laini nyingine, yetu. Nikaona nianze upya, kwa makini zaidi. Nimefumua sweta lote, hakuna anayekwenda kwenye baridi. Sufu ipo. Nikarudi dirishani, kwenye kigoda kilekile, sindano zilezile. Simu yangu mwenyewe safari hii, si ya kuazima, mtu asije akanidanganya. Laini ileile ya Ndege.

Nikabonyeza harusi.

Bibi harusi kaingia kabla sindano hazijagusana. Kaketi. Anakula. Kovu la mkwe lile pale.

Nikarudia. Vilevile. Nikaipeleka kona ya mlango wa uani, upande wa ukuta. Ikawa na mbio zaidi.

Ajabu. Ndege ameota mabawa! Lazima wamejenga mnara mpya juzi, wakati sisi tunahangaika. Mjukuu alikuwa akicheka na rafiki yake kwenye video, sikumsumbua. Nimeitazama juu ya kioo, kama Dada alivyonifundisha, ila sikuvaa miwani, na kialama kilichokuwepo ni kidogo tu, kama kipepeo. Nembo ya Ndege hiyo, bila shaka.

Kesho asubuhi naamkia kwenye mwavuli. Ruta ya Ndege, bomba nene kuliko yote. Dada ataniambia nichukue ya kujaribia kwanza.

Nitamwambia nimekwisha pima.